Mashimo ya Ndizi na Tunu Zenu Tano

Nyinyi vijana mna jambo moja linanichosha. Mtu akiwauliza mnathamini nini maishani, mnatafuta kalamu.

Mwaka jana, Shaabani inakatika, vijana wa hapa Kinole waliitwa ofisi ya kata. Alikuja mwezeshaji kutoka mjini Morogoro, mama mmoja mpole, na viatu vyeupe ambavyo kwa tope letu havikufika adhuhuri vikiwa vyeupe. Akawafundisha kwamba kila mtu ana tunu zake, yaani yale anayoyathamini kuliko mengine, na kwamba asiyezijua tunu zake atafanya kazi kama punda, atakwenda anakosukumwa kwa fimbo. Maneno ya kweli. Sikuyapinga siku ile na siyapingi leo. Kisha akawapa kazi ya kwenda nayo nyumbani: kila mmoja aandike tunu zake tano.

Jioni wakajaa barazani kwangu, kwa sababu kwangu kuna taa ya sola na chai ya mchaichai. Nikasema haya, someni. Wa kwanza akasoma: uaminifu, bidii, upendo, uwazi, kumtanguliza Mungu. Wa pili akasoma: kumtanguliza Mungu, uaminifu, bidii, uwazi, upendo. Wa tatu yeye alianza na bidii.

"Mmenakiliana?" nikauliza.

"Hapana, bibi. Ndizo tunu zenyewe."

"Zenyewe za nani?"

"Za watu wote, bibi. Hata kwenye kalenda zipo."

"Basi kama nyote hapa ni waaminifu, nani aling'oa mihogo yangu ya bondeni?"

Wakacheka. Mmoja hakucheka, na simtaji, mama yake atasoma haya.

Mjukuu wangu Mwanaidi alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, karatasi yake imekunjwa. Nikamwambia na wewe soma. Akasema, "Mimi sijaandika kitu, bibi. Nimeshindwa." Wenzake wakamzomea. Mimi sikumzomea, kwa sababu nilijua kilichomshinda. Ijumaa baada ya sala alitakiwa kumpa mtu jibu, na mtu unapokuwa na jibu la kweli la kutoa, maneno ya kwenye kalenda yanakukimbia.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe, maana siku hizi mnakula ndizi mbivu hamjui ziliivaje. Kazi yangu ilikuwa kuvundika ndizi. Nimeifanya tangu nilipotoka ndani nikiwa mwali mpaka magoti yalipokataa. Nyuma ya nyumba yetu kuna mashimo mawili, yamechimbwa kwenye mteremko ili maji ya mvua yasiingie. Unakata mkungu uliokomaa, unatenga chane moja moja, unaziacha zidondoshe utomvu mpaka zikauke, ndipo unazipanga shimoni juu ya majani makavu ya migomba. Unafunika kwa majani, unafunika kwa udongo, unabakiza tundu dogo pembeni. Hapo kwenye tundu unaweka chungu kibovu chenye makumbi ya nazi yanayofuka, unapuliza moshi uingie, halafu unaziba. Baada ya hapo ni kungoja. Ndizi inaiva kwa joto na kwa subira, na pua yako ndiyo inayokuambia lini ufungue.

Magoti yaliponishinda nilimwachia Mwanaidi mashimo. Ni mtoto wa binti yangu, na kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Sikumuuliza kama anataka. Wakati ule sikuona kama hilo ni swali.

Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa kijana wa Dar anaitwa Sudi. Anapanda mlima na kirikuu chake, kile kigari cha mizigo, anajaza, anashuka. Si mtu mbaya, na nawaomba msimfanye mbaya. Siku magoti yaliponikamata hata kusimama nikashindwa, ni yeye aliyenibeba mpaka hospitali mjini, akakaa benchi mpaka nilipotoka. Sasa wiki ile ya semina alikuja na mfuko wa unga.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Huo nini?"

"Dawa ya kuivishia. Mambo ya moshi yamepitwa na wakati, bi mkubwa. Huu unaweka jioni, kesho kutwa zimekuwa njano kama jezi."

"Na ndani?"

"Ndani nani anaangalia? Mteja wangu anachagua kwenye simu. Ladha haionekani kwenye picha."

Akamgeukia Mwanaidi. Akamwambia Ramadhani inaingia, watu wanataka ndizi nyingi na wanazitaka fasta. Akikubali kutumia unga, atachukua zote za Kinole kupitia kwake. Akikataa, yeye hatapanda tena huku, atanunua kwingine. Na wachuuzi wengine wote walikuwa wameshaacha kununua ndizi za kuvundikwa, kwa hiyo kumkosa Sudi ilikuwa ni kama kuyafunga mashimo. Akasema hataki kumbana. Ijumaa baada ya sala atapita kuchukua jibu.

Mimi nilikuwa na jibu langu tayari. Nilitaka Mwanaidi akatae unga, abaki na moshi, tutafute akina mama wa sokoni mjini wanunue kidogo kidogo, mashimo yaendelee. Lakini nilijua nikimwambia, atajibu kwa mdomo wangu. Kwa hiyo sikumwambia. Nikamsimulia. Kila jioni tukichambua majani makavu, mimi nasimulia, yeye anakohoa kwa moshi. Na haya ninayowaandikia ndiyo niliyomwambia.

Aliyenifundisha kazi ni mama mkubwa Tabu, dada wa mama yangu. Mwanamke mfupi, sauti ya ng'oma. Kama hujatukanwa na mama mkubwa Tabu basi hujafundishwa kazi. Siku ya kwanza aliponiachia shimo peke yangu, mimi nilitaka sifa. Nikaona moshi unaingia polepole, nikasema hizi zitachelewa, nikaongeza makaa, nikapuliza mpaka macho yakawa mekundu. Tulipofungua, ndizi zilikuwa laini kweli, lakini zimeiva kwa kupikwa. Maganda meusi, ndani rojo. Mama mkubwa akaichukua moja, akaibonyeza, akawaita majirani.

"Njooni muone. Huyu binti Hawa ametupikia futari mchana, na Ramadhani bado."

Nililia. Akaniambia, "Usilie, kula." Akanilazimisha kula zile ndizi siku nzima. Ndiyo maana mpaka leo nikiona mtu anaharakisha moto tumbo linanisokota. Sasa mtu akiniuliza tunu yangu ni ipi, nikisema "subira" nitakuwa nimesema neno la kalenda. Lakini hilo tumbo kusokota ni langu. Linasokota hata nikimwona mtu asiyenihusu anafungua sufuria ya wali kabla haujakauka.

Mwanaidi akauliza, "Kwa hiyo tunu ni tumbo kusokota?"

"Usinichekee. Ndiyo. Ukiona kitu kinakukera na wala si chako, hapo simama utazame."

Watu wengi hawasimami. Jirani yangu Bi Zena alikuwa na shimo lake, na alijua kuvundika kuliko mimi, hilo nakiri. Tatizo lake alimkubalia kila mtu. Mchuuzi akisema nataka Jumatatu, sawa. Mwingine akisema nataka Jumatatu hiyo hiyo, sawa. Akija mtu wa harusi, sawa. Jumatatu ikifika, Bi Zena anajificha chooni, mtoto anatumwa kusema mama ameenda msibani Mgeta. Huko Mgeta, kwa hesabu ya misiba ya Bi Zena, hakuna mtu angekuwa amebaki wa kupanda kabichi. Nikamwambia siku moja, Zena, kwa nini huwaambii watu hapana? Akasema, "Nataka wote wanipende." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa tunu yake, kupendwa, na aliifuata kwa bidii kuliko nyinyi mnavyofuata zenu. Ila hakuwahi kuitaja kwa jina lake. Angeitaja, pengine angeishika vizuri. Aliita "ukarimu" mpaka wachuuzi walipomkimbia.

Hapo ndipo mnaponikera. Mnachagua tunu kama mnavyochagua nguo ya Idi, ile itakayopendeza mbele ya watu. Hakuna aliyeandika "napenda kusifiwa". Hakuna aliyeandika "sipendi kutumwa". Na wapo hapo barazani, nawajua tangu wakiwa na kamasi!

Babu yenu Kibwana, mume wangu, Mungu amrehemu, yeye alijijua akiwa mtu mzima, na alijijulia kiwandani. Alipata kazi mjini, mlinzi wa geti, na sare ya kupigwa pasi, na viatu vya kung'aa. Ndugu zake wakafanya sherehe. Akaniambia tuhamie mjini. Nikamwambia mashimo hayahami, nenda wewe, Jumamosi panda. Akaenda. Mwezi haukuisha nikamwona anakuja na mkoba wake katikati ya wiki.

"Umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa. Nimeacha."

"Wamekufanya nini?"

"Hawajanifanya kitu. Ni watu wazuri. Ila asubuhi wanapita getini mamia kwa mamia, na hakuna anayeniuliza nimeamkaje."

Nilimfokea mpaka sauti ikakauka. Kazi ya sare unaiacha kwa sababu hujaamkiwa? Ndugu zake wakamwita mvivu, na mvivu hakuwa, maana alirudi akalima mpaka akazeeka. Alikuwa mtu ambaye asipoulizwa habari za asubuhi haoni kama amekwisha kuamka. Mimi ningeweza kukaa getini pale miaka. Yeye hakuweza. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba hakuna aliyekosea kati yetu.

Mwanaidi aliposikia hilo akaacha kuchambua majani. "Bibi, kwa hiyo watu wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa na tunu tofauti, na wote wakawa sawa?"

"Wakitofautiana kwa haki, ndiyo."

"Hata shimo moja?"

"Hata shimo moja," nikamwambia, na nikamsimulia habari ya msiba wa mzee Shomari. Laiti ningejua anakoelekea na swali lake, ningemsimulia kitu kingine.

Ilikuwa kabla ya Ramadhani vilevile, miaka ile lori likipanda mara moja kwa wiki, na mvua ikinyesha halipandi kabisa. Shimo limejaa ndizi za kisukari. Nimenusa asubuhi, nikajua leo ndiyo siku, tukifungua leo zitafika mjini zikiwa safi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwahidi mwenye lori. Kabla hatujashika koleo, tukasikia kilio upande wa juu. Mzee Shomari amefariki. Mama mkubwa Tabu akaweka koleo chini.

"Mama mkubwa, tufungue kwanza, tutawahi."

"Maiti hasubiri ndizi."

"Na lori?"

"Lori lina mama yake, akalililie huko."

Akaenda. Na mimi nikaenda, ningefanyaje. Tulipika, tulichota maji, tulikesha na wafiwa. Lori lilipiga honi huko barabarani mpaka likachoka, likashuka tupu. Tulipofungua shimo, nusu zilikuwa zimepita, maganda yamepasuka, nyuki wamejaa. Zile zilizobaki tukawapelekea wafiwa. Mama mkubwa akalala usingizi mzito, sikuona hata chembe ya majuto usoni kwake.

Mimi sikulala. Nilikuwa nimesema neno langu kwa mtu. Asubuhi nikajitwisha chane chache zilizokuwa nzima, nikashuka mlima kwa miguu mpaka mjini, nikamtafuta yule mwenye lori, nikamwambia kwa mdomo wangu: sikutimiza, tulifiwa, hizi ni zako bure. Alinifokea mbele ya watu, kisha akazila, kisha akafoka tena. Niliporudi mama mkubwa akanikejeli mpaka majirani wakatoka nje.

"Umekwenda mjini kumlamba mtu miguu kwa ajili ya ndizi?"

"Nilimwahidi."

"Na mimi nilimwahidi nani? Shomari alinizikia mama yangu."

Mnaona? Shimo moja, msiba mmoja. Yeye jirani kwanza, mimi neno langu kwanza. Tungeandika karatasi za semina, wote tungeandika "uaminifu", na mwezeshaji angetupigia makofi. Siku ndizi zinaiva na maiti iko ndani, ndipo kila mmoja alipojua alichokuwa nacho. Tunu ni ile ambayo kwa ajili yake unakubali kupoteza kitu kingine kizuri. Kuacha kitu kibaya hakuna kazi, hata mwizi anaacha kuiba pakiwa na mbwa.

Mwanaidi akauliza, "Na mtu asiyewahi kufika kwenye siku kama hiyo, atajuaje?"

Swali zuri, nikafurahi, nikajiona mwalimu. Nikamwambia atazame mikono yake. Siku ambayo hakuna aliyemtuma, hakuna anayemwona, hakuna anayemlipa, mikono yake inakwenda wapi? Kinywa kinafuata watu. Mikono inafuata mwenyewe.

"Hilo nitalifikiria, bibi," akasema, akakohoa, akaenda kuosha macho yake kwa maji.

Ijumaa ikafika. Wanaume wakatoka msikitini, Sudi akafika na kirikuu, mfuko wa unga umewekwa kiti cha mbele kama mgeni. Akanipa shikamoo, akakataa kula, akasema foleni ya kuingia Dar haimsubiri mtu. Nikakaa kwenye kigoda changu mlangoni. Nilikuwa nimeshajipangia hata nani wa sokoni tutamtafuta kwanza.

Mwanaidi akatoka, mikono bado ina udongo. "Kaka Sudi, unga sitatia."

Moyo wangu ukatulia.

"Kwa ajili ya bibi?" Sudi akauliza, akanitazama kwa kutabasamu. "Nilijua. Bi mkubwa amekujaza maneno."

"Bibi hahusiki. Mimi nikimpa mtu ndizi akaimenya mbele yangu, nataka nimtazame anavyoila. Ile ya unga, akianza kumenya tu nitaangalia pembeni. Siwezi kazi ya kuangalia pembeni."

Sudi akakuna kichwa. Hakukasirika, nawaambia si mtu mbaya. "Haya, sister. Basi bakia na moshi wako. Ila mimi sitapanda tena."

"Moshi nao naacha."

Hapo nikasimama, magoti yakalia yote mawili. "Unaacha nini?"

"Mashimo, bibi."

"Nani kakwambia?"

"Wewe."

"Mimi! Wiki nzima nimekausha koo hapa ili uyashike!"

"Wiki nzima umeniambia nitazame mikono yangu inakwenda wapi isipotumwa. Nimetazama. Haijawahi kwenda shimoni bila wewe kuituma. Hata siku moja. Macho yananiuma, kifua kinaniuma, na nikifunika zile ndizi kwa udongo nabaki na wasiwasi mpaka nitakapofungua. Wewe unapenda kungoja usichokiona. Mimi nakosa usingizi."

"Na hiyo mikono yako inakwenda wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Nyuma ya choo, kwenye makopo ya rangi na mifuko ya unga wa sembe iliyokatwa, kulikuwa na miche. Mdalasini, karafuu, pilipili manga inayotambaa kwenye vijiti. Mimi nilikuwa nikiiona kila siku na kila siku nikimfokea aitoe njiani. Nilidhani ni mchezo. Kumbe alikuwa anawagawia watu. Mama wa mmoja wa wale vijana wa barazani alikuwa ameshapanda mstari mzima wa mdalasini uliotoka kwenye makopo yale, na mimi nilipita hapo nikausifia bila kujua ni wa nani.

"Miche haijazi kirikuu," nikasema.

"Haijazi."

"Mdalasini unangoja miaka. Utakula nini?"

"Ndizi mbichi nitawauzia akina mama wa mjini wapikie. Kidogo kidogo. Na mche nikiutazama asubuhi unaniambia umelalaje. Shimo haliniambii kitu."

Sudi akacheka kwa sauti. "Bi mkubwa, hapa mimi sina changu." Akamwomba Mwanaidi mche mmoja wa karafuu akaupande kwa mama yake. Akapewa. Akashuka na kirikuu tupu, mche umekaa kiti cha mbele juu ya mfuko wa unga.

Mimi nilikasirika, na sitawadanganya kwamba nilielewa hapo hapo. Nilikasirika Ijumaa, nikakasirika Jumamosi. Sikumsemesha. Nilimwambia paka maneno niliyotaka yeye ayasikie. Mashimo ya mama mkubwa Tabu, mashimo yaliyosomesha mama yako, leo mtu anayaacha kwa sababu ya makopo! Niliwaza kumwita mjomba wake aje amwamuru. Mjomba kwetu akisema, watu wanasikia. Nikamwandalia hata maneno.

Halafu nikafikiria, mjomba akimwamuru, atarudi shimoni. Ni mtoto mtiifu. Atapuliza moshi, atakohoa, atafunika, na kila siku atafanya vizuri kazi ambayo si yake, kama babu yake pale getini, ila yeye hatakuwa na mahali pa kurudi katikati ya wiki. Na siku moja mtu atakuja na mfuko mwingine wa unga, na mtu aliyechoka hawezi kusema hapana. Aliyesema hapana Ijumaa ile ni yule yule anayependa kuona kitu kinavyokua. Nikimnyang'anya hilo, na lile la kukataa unga linaondoka nalo. Sikumwita mjomba.

Nyinyi mtasema basi bibi umeshindwa. Labda. Nilichotaka ni mashimo yaendelee, na mashimo hayakuendelea. Hili halina dawa. Mtu akikuuliza tunu zako na ukamjibu kweli, kuna mtu mahali fulani ataumia, na mara nyingi ni mtu anayekupenda. Hilo mwezeshaji hakulisema. Pengine muda ulimwishia.

Jumapili nilimkuta anajaza lile shimo la juu kwa jembe, ili apate sehemu tambarare ya kupangia makopo. Anatoka jasho. Nikavuta kigoda nikakaa karibu, sikuwa nimemsamehe, ila kuna mtu anajaza shimo vibaya na mimi macho ninayo.

"Usichukue udongo wa huku chini," nikamwambia. "Una mawe. Chukua ule mweusi wa juu, ni laini, utamaliza upesi."

Akaendelea kuchota wa chini, mawe yanagonga jembe.

"Mwanaidi. Husikii?"

"Nimesikia, bibi," akasema, wala hakuinua kichwa. "Ule mweusi ni wa miche."

Nikasogeza kigoda pembeni, nisimzuie jembe.